Kifaa kipo lakini programu haikioni: kutafuta chanzo cha vifaa vinavyoonekana na kupotea kwenye mtandao

"Fundi, printa iko hapa mbele yangu na inachapa, lakini kwenye orodha yako haipo." Maneno hayo niliambiwa na mwalimu wa kompyuta katika shule moja mjini Jinja, Uganda, na yanalieleza tatizo hili vizuri kuliko ujumbe wowote wa hitilafu. Shule ilikuwa na programu moja ya kusimamia mtandao, iliyowekwa kwenye seva ya Linux, kwenye kompyuta ya Windows ya ofisi ya uhasibu na kwenye Mac ya mwalimu mwenyewe. Programu ilikuwa ile ile, toleo lile lile na mtandao ule ule, lakini kila mashine ilitoa orodha yake ya vifaa, na hapakuwa na orodha mbili zilizolingana.

Anayekutana na hali hiyo hushawishika kukizima na kukiwasha upya kifaa kisichoonekana. Ninamsihi asianze hivyo, kwa sababu kuwasha upya hufuta ushahidi: kifaa huomba anwani upya, swichi (kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao) hujifunza upya kilipo, na tatizo linaweza kutoweka kwa saa mbili kisha likarudi usiku wakati hakuna wa kuliangalia. Kugundua kifaa kuna hatua nne: programu huuliza, swali husafiri, kifaa hujibu, na jibu huandikwa kwenye hifadhidata. Mifumo ya uendeshaji hutofautiana zaidi kwenye hatua ya kwanza na ya mwisho, yaani namna ya kuuliza na namna ya kuandika, ilhali sisi mafundi huwa tunaanza kutafuta kosa kwenye zile mbili za katikati, tukishika kebo na kusogeza visambazi vya waifai.

Kwanza, hakikisha kwamba kifaa kipo

Kifaa kilichokataa kujibu pingi, yaani swali fupi la kuuliza kama kipo, si lazima kiwe kimezimwa. Windows, kwa mpangilio wake wa kawaida, haijibu pingi inapouhesabu mtandao kuwa wa umma, na simu nyingi hunyamaza zinapolala. Lakini kifaa chochote kinachotumia IPv4 (mfumo wa anwani uliozoeleka) kwenye sehemu moja ya mtandao nawe hakina budi kujibu swali la ARP, lile linalouliza "Nani ana anwani hii?", kwani bila jibu hilo hakiwezi kupokea hata pakiti moja kutoka kwako. Ukuta wa moto wa kawaida, yaani programu inayozuia mawasiliano yasiyoruhusiwa, hauligusi swali hilo.

Kwa hiyo piga pingi kwenye anwani ya kifaa, hata kama unajua hakitajibu, kisha papo hapo fungua jedwali la majirani, yaani orodha ya vifaa vya karibu ambavyo mashine yako inavijua: kwenye Linux kwa amri ya ip neigh, kwenye Windows na macOS kwa arp -a. Ukiona anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao ya kifaa) mbele ya anwani ya IP (namba ambayo kifaa hupewa na mtandao), kifaa kimewashwa na kimeunganishwa, na kosa liko kwenye njia ambayo programu inaitumia kuuliza. Ukiona FAILED kwenye Linux au incomplete kwenye macOS, basi ama kifaa hakipo, ama swali lako halikifikii. Fanya jaribio hilo kutoka mashine mbili tofauti ndani ya dakika moja na uandike matokeo kwenye karatasi. Karatasi hiyo itakuokolea muda mwingi baadaye, kwa maana kumbukumbu ya mtu aliyechoka huchanganya kilichoonekana wapi.

Dalili: Linux inaona vifaa vingi, Mac au Windows inaona vichache

Chanzo cha kwanza cha kuchunguza ni ruhusa. Kwenye Linux, programu inayotaka kutuma maswali ya ARP yenyewe huhitaji kuendeshwa na mtumiaji mkuu, au kupewa uwezo wa CAP_NET_RAW, yaani ruhusa ya kutuma pakiti ghafi. Programu nyingi zikikosa ruhusa hiyo hazilalamiki; zinashuka kimyakimya hadi njia dhaifu zaidi. Nmap, programu ya kuskani mitandao, ni mfano mzuri. Ikiendeshwa na mtumiaji mkuu kwenye mtandao wa karibu hutumia ARP, lakini ikiendeshwa na mtumiaji wa kawaida hujaribu tu kufungua miunganisho kwenye poti 80 na 443 (namba za huduma za tovuti), hivyo mashine ambayo ukuta wake wa moto unayatupa maswali hayo bila kuyajibu huonekana kana kwamba haipo. Kwenye Windows kazi kama hiyo hutegemea kiendeshi kiitwacho Npcap, na kisipowekwa matokeo huwa pungufu vivyo hivyo.

Kwenye Mac kuna jambo jipya ambalo limewasumbua wengi. Tangu macOS 15, iliyotoka mwaka 2024, kila programu inahitaji idhini ya mtumiaji ili iwasiliane na vifaa vya mtandao wa ndani. Mtumiaji aliyebofya "usiruhusu" bila kusoma ataona programu ikifunguka vizuri, ikifika intaneti bila shida, lakini ikirudisha orodha tupu. Kinachochanganya zaidi ni kwamba amri zinazoendeshwa kwenye Terminal (dirisha la kuandikia amri) zimesamehewa sharti hilo, na hivyo fundi anapiga pingi kutoka kwenye Mac hiyo hiyo, anajibiwa, kisha anahitimisha kwamba programu ni mbovu. Fungua mipangilio ya faragha na usalama, tafuta sehemu ya mtandao wa ndani, na uiwashe programu hapo.

Chanzo cha pili ni kiolesura (kadi ya mtandao, halisi au pepe) kilichochaguliwa. Kompyuta iliyowekwa VPN (njia ya siri ya mtandao), VirtualBox (programu ya mashine pepe, yaani kompyuta za kuigizwa) au Docker (programu ya kuendesha programu nyingine zikiwa zimetengwa) ina violesura vingi kuliko vile unavyoviona kwa macho. Docker kwenye Linux hutengeneza mtandao wa 172.17.0.0/16, VirtualBox nayo hutumia 192.168.56.0/24, na programu inayochagua kiolesura cha kwanza inachokikuta inaweza kutumia asubuhi nzima ikitafuta printa ndani ya mtandao pepe usio na mtu. Usiiachie programu ichague. Itajie kiolesura kwa jina. Na ikiwa programu yenyewe inaendeshwa ndani ya Docker, kumbuka kwamba kwenye Windows na macOS Docker hukaa ndani ya mashine pepe, kwa hiyo maswali ya ARP yanayotoka humo hayafiki kamwe kwenye waya wa ofisi, hata kama mpangilio ule ule kwenye Linux unafanya kazi bila dosari.

Sasa nirudi Jinja, kwa sababu chanzo cha tatu ndicho kilichotutesa kule. Orodha ya Mac ilikuwa na vifaa vyote vya waya na karibu hakuna hata kimoja cha waifai. Kila mtu alikubaliana kwamba waifai ndiyo mbovu. Nusu siku ilipotea tukihamisha kisambazi kutoka ukuta mmoja hadi mwingine na kubadilisha chaneli. Mwishowe nilifungua faili la kumbukumbu za programu na kukuta kwamba haipigi pingi yenyewe, bali inaita amri ya mfumo: ping -c 1 -W 1. Kwenye Linux, -W 1 maana yake ni kusubiri jibu kwa sekunde 1. Kwenye macOS, alama ile ile hupimwa kwa milisekunde. Mac ilikuwa inakipa kila kifaa sehemu moja ya elfu ya sekunde kujibu. Vifaa vya waya vilijibu kwa nusu milisekunde, vikaingia kwenye orodha. Printa ya waifai ilijibu baada ya milisekunde tano, ikahesabiwa kuwa haipo. Nilibadilisha 1 kuwa 1000 kwenye mpangilio wa Mac peke yake na printa ikaonekana kwenye mzunguko uliofuata.

Tangu siku hiyo, jambo la kwanza ninalolitafuta ni amri halisi ambayo programu inaiita kwenye kila mfumo. Tofauti haziishii hapo. Kwenye Windows idadi ya pingi huandikwa kwa -n, lakini -n hiyo hiyo kwenye Linux huzuia tu anwani zisitafsiriwe kuwa majina. Windows ina mtego mwingine wa upande wa pili: mashine yako mwenyewe au rauta ikirudisha ujumbe kwamba kifaa hakifikiki, amri ya ping huuhesabu ujumbe huo kuwa jibu lililopokelewa na kumaliza kwa alama ya mafanikio. Programu inayotazama alama hiyo pekee itaandika kwamba vifaa vilivyozimwa viko hai. Ikiwa ni hati ya amri (script) uliyoiandika mwenyewe, iambie itafute maandishi "TTL=" ndani ya jibu, maana hayo hutokea tu kifaa chenyewe kinapojibu.

Dalili: kifaa kinaonekana, kinapotea, kinarudi

Ukipima kwa saa na kukuta vifaa vinatoweka takriban dakika nne baada ya swichi kuwashwa, shuku tangazo la kundi (multicast), yaani ujumbe mmoja unaotumwa kwa vifaa vingi vilivyojiandikisha. Vifaa vingi, hasa runinga na vichezeshi vya media, hujitambulisha kwa itifaki ya SSDP kupitia anwani 239.255.255.250. Swichi yenye kipengele cha kuchunguza IGMP (itifaki ya kujiandikisha kwenye makundi hayo) hupeleka matangazo hayo kwenye poti (matundu ya kebo) zilizojiandikisha tu, na uandikishaji huo unahitaji kuhuishwa na kifaa kimoja kinachouliza mara kwa mara ni nani bado anahitaji. Pasipo muulizaji, uandikishaji hufikia kikomo chake, ambacho kwa viwango vya kawaida ni sekunde 260, na baada ya hapo ukimya unatanda. Dawa ni kumteua muulizaji, ama kwenye rauta ama kwenye swichi moja. Kukizima kipengele chote ni njia ya mkato ambayo kwenye mtandao mdogo haina madhara makubwa.

Itifaki ya mDNS, njia nyingine ya vifaa kujitangaza, inayotumia 224.0.0.251 na poti 5353, kwa kawaida haikumbwi na kizuizi hicho, kwa kuwa swichi hutakiwa kuisambaza anwani ya aina yake kwenye poti zote. Hivyo ukiona printa zinazotangazwa kwa mDNS zinabaki huku runinga zinapotea, umeshapata jibu bila kufungua swichi.

Kwenye mitandao mikubwa, kama ile ya vyuo, kuna chanzo kinachojificha ndani ya seva ya Linux yenyewe. Jedwali lake la majirani lina kikomo cha maingizo 1024 kwa mpangilio wa kawaida. Ukiipa seva kazi ya kupiga pingi kwenye mtandao wa /20, wenye anwani 4094, jedwali hujaa kwa anwani zisizo na mtu kabla halijafika kwenye zile zenye vifaa, na kila mzunguko huacha vifaa tofauti nje. Endesha dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa mfumo), ukikuta ujumbe unaosema kwamba jedwali la majirani limefurika, pandisha vikomo vya jedwali hilo, gc_thresh1, gc_thresh2 na gc_thresh3, kwa amri ya sysctl. Windows na Mac hazina kikomo hicho hicho, na ndiyo maana safari hii seva yenye nguvu kuliko zote ndiyo itakayoonekana dhaifu.

Kwa simu na kompyuta za mkononi, usitafute ubovu usiokuwepo. Kifaa kinacholala ili kutunza betri kitakosa pingi moja au mbili. Iambie programu isitangaze kupotea mpaka mizunguko mitatu mfululizo ipite bila jibu.

Dalili: kifaa kimoja kimeandikwa mara mbili au tatu

Hapa swali limefika, jibu limerudi, na kosa limetokea kwenye kuandika. Chukua kadi moja ya mtandao na uitazame kwenye mifumo minne. Linux itaiandika 00:1b:0c:4d:05:9e. Windows itaiandika 00-1b-0c-4d-05-9e. Swichi ya Cisco itaiandika 001b.0c4d.059e. Na arp -a ya macOS, ambayo huacha sifuri za mwanzo, itaiandika 0:1b:c:4d:5:9e. Programu inayolinganisha maandishi haya kama yalivyo itaamini kwamba ina vifaa vinne. Kuondoa nukta na vistari hakutoshi. Kwa Mac ni lazima kila kipande kirudishiwe sifuri yake kabla ya kuunganishwa, la sivyo tarakimu zinabaki pungufu na hazilingani na chochote. Ikiwa programu si yako kuibadilisha, chagua mashine moja iwe ndiyo inayoandika kwenye hifadhidata na nyingine zisome tu.

Majina nayo hudanganya. Jina la NetBIOS linalotumiwa na Windows hukatwa kwenye herufi 15. MAKTABA-GHOROFA1 na MAKTABA-GHOROFA2 zina herufi 16 kila moja, kwa hiyo zote mbili zinakuwa MAKTABA-GHOROFA, na programu inayotambua vifaa kwa jina itaziunganisha kuwa moja, au itabadilisha anwani yake kila mzunguko kana kwamba kompyuta inahamahama. Toa majina mafupi na uweke namba mwanzoni.

Kisha kuna anwani za MAC za kubahatisha. Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020 zilianza kuutumia utaratibu huo kama kawaida, kila mtandao wa waifai ukipewa anwani yake. Shule yenye majina mawili ya waifai itamhesabu mwalimu mmoja mwenye simu moja kuwa na simu mbili. Unaitambua anwani ya namna hiyo kwa tarakimu yake ya pili: ikiwa ni 2, 6, A au E, haikutoka kiwandani. Baadhi ya mashine pepe pia hutumia anwani za aina hiyo, kwa hiyo usizifute zote kwa pamoja.

Dalili: baada ya umeme kukatika, orodha nzima imevurugika

Fundi yeyote wa Uganda anaijua hali hii. Umeme unarudi na vifaa vyote vinaamka pamoja, lakini haviamki kwa mwendo mmoja. Kompyuta inaweza kumaliza kuwaka wakati rauta bado haijaanza kugawa anwani, na swichi inayotumia itifaki ya zamani ya kuzuia data isizunguke bila mwisho (STP) huichelewesha poti kwa sekunde 30 kabla ya kupitisha data. Kompyuta ikikosa jibu la DHCP, huduma inayogawa anwani, hujipa anwani inayoanza na 169.254, na Windows hurudia kuomba kila baada ya dakika 5. Katika muda huo programu huandika nusu ya ofisi kuwa imepotea. Kwa hiyo, kabla ya kufanya lolote, tafuta 169.254 kwenye jedwali. Ukiikuta, subiri dakika kumi kisha skani tena. Kwa kudumu, weka rauta na swichi kuu kwenye UPS (betri ya akiba) hata kama kompyuta hazina, na uziruhusu poti za kompyuta zipitishe data mara moja bila zile sekunde 30.

Angalia pia kama rauta huhifadhi orodha ya anwani ilizogawa. Baadhi huisahau umeme unapokatika na kuanza kugawa upya, huku printa yenye betri au kompyuta ya mkononi ikiendelea kutumia anwani ya jana. Vifaa viwili hugombania anwani moja, na programu huona kimoja au kingine kulingana na aliyewahi kujibu. Fungia anwani za printa, kamera na seva kwa MAC zao kwenye rauta.

Na ikiwa umeme uliorudi kwa kishindo uliiunguza rauta ukaweka nyingine, kompyuta za Windows zitauona mtandao kuwa mpya, zinaweza kuuhesabu kuwa wa umma, na zitaacha kujibu pingi hata kama hakuna aliyezigusa. Rudisha wasifu uwe wa faragha na uruhusu pingi kwenye ukuta wa moto.

Dalili: tawi la mbali halionekani, au linaonekana nusu

ARP na matangazo ya kundi haviruki rauta. Seva iliyoko Kampala haiwezi kuvitumia kuona vifaa vya Arua, hata kiungo kiwe kizuri namna gani. Ama weka mashine ndogo ya kuuliza kule kule tawini, ama isome rauta ya tawi kwa SNMP, itifaki ya kusoma hali ya vifaa vya mtandao, na uchukue jedwali lake la majirani. Ninaipendelea njia ya pili pale ambapo hakuna mtu wa kuitunza mashine.

Kama tawi linatumia setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, safari ya kwenda na kurudi huzidi nusu sekunde, hivyo muda wa kusubiri wa milisekunde 500 unaoitosha Kampala utalifuta tawi zima. Weka sekunde 2. Hakikisha pia kwamba matawi mawili hayatumii 192.168.1.0/24 kwa pamoja, kwa sababu printa ya Mbarara na ya Gulu zenye 192.168.1.20 zitaandikwa kama kifaa kimoja. Hilo halina dawa ya programu; ni kupanga anwani upya.

Kuhusu SNMP yenyewe, mambo mawili yanatosha kutajwa. Kwenye Debian na Ubuntu huduma ya snmpd husikiliza 127.0.0.1 tu, yaani mashine yenyewe, hadi uibadilishe, na mashine pepe zilizonakiliwa kutoka moja hubeba kitambulisho kimoja cha injini ya SNMPv3, jambo linaloifanya seva izikatae kwa zamu.

Kuthibitisha kwamba tatizo limekwisha

Usitosheke na orodha iliyojaa. Endesha skani kwa wakati mmoja kutoka Linux, Windows na Mac, toa orodha za MAC, ziweke katika umbo moja kisha uzilinganishe mstari kwa mstari. Baada ya hapo zima kwa makusudi kifaa kimoja cha waya na kimoja cha waifai, shika saa, na uone kila mashine inachukua muda gani kutangaza kwamba vimepotea. Vikiwashwa tena, virudi kwenye mstari wao ule ule wa zamani. Kikirudi kama kifaa kipya, fungua tena sehemu ya kuandika.